Nani Atabeba Mzigo? Duka Kubwa na Biashara ya Mtandaoni Mkoani Tanga



Nimeombwa nizungumzie faida na hatari za kuuza mtandaoni kwa mfanyabiashara mkubwa wa rejareja. Mkubwa ninayemkusudia ni yule mwenye stoo iliyojaa, wafanyakazi wa mshahara, mashine ya risiti ya EFD kaunta, na jina linalojulikana mji mzima. Anaweza kuwa muuza mabati na saruji, vifaa vya umeme, samani, vitambaa, vipuri, au mwenye supamaketi. Mtu wa namna hiyo akisikia kuna kijana anauza viatu kwa simu akiwa chumbani kwake, hana rafu wala kodi ya fremu, lazima ajiulize: mimi nangoja nini?

Hoja yangu ni moja, na yote nitakayosema yatairudia. Dukani kwenu, wafanyabiashara, mteja anafanya kazi nyingi ambazo hamumlipi. Anajileta kwa nauli yake. Anachagua, anashika, anageuza, anajaribu. Akichagua vibaya, anajilaumu mwenyewe. Analipa palepale, anabeba mzigo wake, na ukivunjika njiani hasara ni yake. Siku mnapofungua duka la mtandaoni, kazi hizo zinahamia kwenu, na kila moja ina bei. Faida ya mtandao ipo, tena kubwa, lakini anayeipata ni yule aliyepiga hesabu ya kazi hizo kabla ya kuanza.

Waliotutangulia

Tuanze na kampuni ambayo wengi wenu mliwahi kununua kwake. Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012, ikaenea katika nchi zaidi ya kumi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Aprili 2019 iliingia katika Soko la Hisa la New York, hisa moja ikiuzwa kwa dola 14.50. Magazeti yaliandika kwamba Afrika sasa imepata duka lake kuu la mtandaoni. Novemba ya mwaka huohuo, Jumia ikafunga shughuli zake Tanzania, na Cameroon nayo ikafungwa mwezi huo. Fedha za New York hazikutosha kuiweka hapa hata mwaka mmoja zaidi.

Tazameni namna biashara ile ilivyoendeshwa. Kwa sababu watu walikuwa hawaamini kulipia kitu wasichokiona, mteja aliruhusiwa kulipa akipokea. Ni utaratibu wa kiungwana, lakini maana yake ni kwamba muuzaji ameshagharamia kuhifadhi, kufunga, kupiga simu na kusafirisha kabla hajashika shilingi. Mteja asipopokea simu, akibadili nia, au akikuta kitu hichohicho kwa bei nafuu mtaa wa pili, mzigo unarudi. Safari mbili zimelipiwa na mauzo hakuna.

Niwape hesabu ya kubuni, kila mmoja aibadilishe kwa bidhaa zake. Mnauza pangaboi kwa shilingi 60,000, na faida yenu dukani ni 9,000. Mkilipeleka kwa mteja, bodaboda 3,000, kulifunga vizuri 1,000, makato ya malipo 1,000. Mmebakiwa na 4,000. Sasa tuseme katika oda tano, moja inakataliwa mlangoni. Hiyo moja imewala 7,000: kwenda, kurudi na kufunga. Nne zilizouzika zimeleta 16,000; toeni 7,000, zinabaki 9,000 kwa oda tano. Kazi ya mapangaboi matano imewapa faida ya pangaboi moja lililouzwa kaunta. Lakini mteja akiagiza na kulipia kwa simu, kisha akaja mwenyewe kulichukua, mnabaki na 8,000. Tofauti yote hiyo imetokana na jambo moja tu: ni nani aliyetembea.

Jumia yenyewe imelielewa hilo. Tangu uongozi ulipobadilika mwishoni mwa 2022, chini ya Francis Dufay, kampuni ilikata gharama, ikafunga huduma ya kupeleka chakula Desemba 2023, na ikaweka nguvu kwenye vituo ambako mteja anakwenda kuchukua mzigo wake. Kazi ya kutembea imerudishwa kwa mteja mwenyewe, naye analipa pungufu kwa kuifanya.

Jirani zetu wa Kenya wana somo jingine. Copia ilianza kuuza mwaka 2013 kwa watu wa vijijini na pembezoni mwa miji, kupitia mawakala wenye vioski na saluni. Mteja aliagiza kwa wakala, mzigo uliletwa kwa wakala, mteja akaufuata hapo. Kwa hoja yangu, hiyo ni njia nzuri. Hata hivyo Copia ilijitoa Uganda mwaka 2023, na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji. Kilichokuwa ndani ya vikapu vyake vingi ni unga, sukari, mafuta na sabuni. Faida ya kilo mbili za sukari ni sarafu chache, na lori linalopita barabara ya vumbi halijui kwamba limebeba sukari. Linakunywa dizeli ileile. Kwa hiyo swali la nani abebe lina pacha wake: je, bidhaa yenyewe ina faida ya kulipa nauli yake?

Msidhani ni udhaifu wa Waafrika. Marekani, Webvan ilianza kuuza vyakula mtandaoni mwaka 1999, ikajenga maghala makubwa ya mitambo, ikafilisika Julai 2001. Miaka hiyohiyo Tesco ya Uingereza ilitumia maduka iliyokuwa nayo. Mfanyakazi alisukuma toroli kati ya rafu na kuokota bidhaa za mteja wa mtandaoni, pembeni ya wateja waliokuja kwa miguu. Wataalamu waliicheka njia hiyo kuwa ya kishamba. Lakini rafu zile zilikuwa zimeshalipiwa, na Tesco ikaendelea.

Kange inafundisha

Hapa kwetu tuna duka la mtandaoni ambalo halina jina. Nendeni stendi ya Kange basi la mchana kutoka Dar es Salaam linapoingia. Buti ikifunguliwa, mabegi ya abiria yanatoka pamoja na maboksi yaliyozungushiwa selotepu mpaka kadibodi haionekani. Juu ya boksi pameandikwa kwa maka peni jina moja, namba ya simu na neno TANGA. Kijana wa ofisi ya vifurushi anaandika daftarini, kisha anapiga simu: "Dada, mzigo wako umefika, njoo na namba iliyoandikwa." Dada anashuka kwenye bodaboda, anaonyesha meseji, anasaini, anaondoka na seti yake ya sufuria.

Sufuria hizo aliziona kwenye WhatsApp ya muuzaji wa Kariakoo. Alilipa jana, na nauli ya basi ikawa juu yake. Hesabuni kazi: mteja amechagua kwa picha, ametanguliza pesa, amelipia usafiri, amefuata mzigo stendi. Muuzaji amebakiwa na kazi ya kufunga na kupeleka kwenye basi. Ndiyo maana biashara hii imesimama kwa mtaji mdogo, mahali ambapo kampuni yenye fedha za New York iliondoka.

Lakini mfuateni dada mpaka nyumbani. Anafungua boksi, mfuniko wa sufuria ya tatu umepinda. Anapiga simu, inaita. Anatuma picha, alama mbili za buluu zinaonekana, jibu haliji. Risiti hana, duka halijui lilipo, na kumfuata mtu Kariakoo kwa mfuniko ni kupoteza nauli. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, naye anajua.

Hapo ndipo mlipo ninyi wenye maduka makubwa. Kijana wa chumbani anaweza kuwashinda kwa bei, maana hana kodi ya pango wala mishahara. Hawezi kuwashinda kwa kaunta ambayo mteja anaweza kurudi na mfuniko wake. Mkienda mtandaoni mkaanza kushindana naye kwa bei peke yake, mmeacha silaha yenu nyumbani.

Faida zilizopo

Faida ya kwanza ni kufika mbali bila kujenga. Mwenye duka Tanga mjini ana wateja Muheza, Korogwe, Lushoto, Pangani na Handeni ambao leo wanapitiliza kwenda Dar es Salaam kwa sababu hawajui kwamba mashine ya kukamulia au kipuri wanachokitaka kipo hapa. Kufungua tawi kila wilaya ni mtaji mkubwa, na sote tunakumbuka majina makubwa yaliyotawanya matawi kisha yakajikunja: Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014, Uchumi mwaka 2015, na Nakumatt, iliyoyachukua maduka ya Shoprite, ikaanguka miaka michache baadaye. Orodha ya bidhaa yenye bei, inayosomeka kwenye simu ya mtu wa Soni, ni tawi lisilodai kodi.

Faida ya pili ni kwa bidhaa zinazotoka polepole. Kila mwenye duka la vipuri anajua kilio cha saizi ambayo inaulizwa mara mbili kwa mwaka. Kuiweka kwenye matawi manne ni kulaza pesa. Kuiweka moja tu, sehemu moja, ikaonekana na mkoa mzima, ni biashara.

Ya tatu haizungumzwi sana: kujua mnachokosa. Mteja akiingia dukani akauliza pampu ya sola, akaambiwa hakuna, anatoka, na hakuna aliyeandika popote. Mtandaoni, kila anayetafuta pampu ya sola asiipate anaacha alama. Mwisho wa mwezi mnaona watu wangapi walitafuta nini mkawa hamna. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hili ni daftari la mauzo yaliyowapita.

Ya nne inawahusu ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na kwingineko. Sote tunaijua hadithi ya pesa ya mabati iliyotumwa kwa shemeji: pesa imefika yote, mabati yakafika nusu. Mtu huyu yuko tayari kulipa zaidi kidogo kwa duka litakalompa risiti ya jina lake, likapeleka mabati eneo la ujenzi Pongwe, likamtumia picha ya mabati yakihesabiwa. Mteja huyo haogopi nauli ya mzigo. Anachonunua ni uhakika, nao unauzwa na mwenye jina.

Hatari, moja baada ya nyingine

Mwanzo ni bidhaa inayorudi. Chukueni doti ya kanga. Dukani mama anaikunjua, anaisugua kati ya vidole aone kama ni nzito, anasoma jina, anaipeleka mlangoni kwenye mwanga kutazama rangi. Kwenye simu ameona nyekundu. Imemfikia ina uzambarau. Hakuna aliyedanganya, ila kamera na kioo cha simu vimefanya yao. Atataka kubadilishiwa, na ana haki. Swali ni nani analipa nauli ya kurudi, na kanga iliyokunjuliwa itauzwa kwa bei gani. Kama duka halijaandika majibu ya maswali hayo, mfanyakazi wa kaunta ndiye atakayejibu, kila siku kwa namna yake, na kila jibu litazua ugomvi.

Ya pili ni wizi wa jina. Nchi hii inaujua ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Siku duka lenu likianza kujulikana mtandaoni, kutatokea ukurasa wenye nembo yenu, picha zenu, na namba ya simu ya tapeli. Mteja atakayeibiwa hatamlaani tapeli asiyemjua. Atakuja kuwalaani ninyi kaunta. Dawa yake inaanza na mambo madogo: namba moja ya kulipia isiyobadilika, iliyo kwa jina la kampuni, iliyobandikwa dukani na kwenye risiti, na tangazo lisilochoka kwamba hampokei malipo kwa namba ya mtu binafsi. Namba za matapeli ziripotiwe kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040.

Ya tatu ni kujenga kwenye kiwanja cha mwingine. Ukurasa wa Instagram si mali yenu. Unaweza kufungwa kwa malalamiko ya mtu mmoja. Mtandao wenyewe unaweza kukatika. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Gharama za malipo nazo hazipo mikononi mwenu: tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu walirudi kwenye noti, mpaka serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na ikaendelea kuzipunguza baadaye. Duka lenye milango miwili, wa mtaani na wa mtandaoni, mmoja ukifungwa linapumua kwa mwingine. Msiubomoe mlango wa mtaani.

Ya nne ni sheria, ambayo kijana wa chumbani huikwepa nanyi hamwezi. Mauzo ya mtandaoni yanadai risiti ya EFD kama ya kaunta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe na aeleze wazi bidhaa na gharama zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawafanya wasimamizi wa kila jina, namba ya simu na anwani mnayoikusanya. Orodha ya wateja ikivuja kwa mfanyakazi aliyeacha kazi kwa hasira, mnaodaiwa ni ninyi.

Ya mwisho ni ile inayouma kimyakimya. Bei ikiwa wazi, mshindani anaiona, na mteja wa kaunta pia. Atakuja na simu mkononi: "Mbona mtandaoni mmeweka pungufu?" Mwingine atakuja kushika sofa lenu, alikalie, aulize mbao, kisha aagize linalofanana nalo kwingine. Wengi hukimbilia kuficha bei na kuandika "njoo inbox". Kwa duka kubwa huo ni ushauri mbaya. Mteja anayelazimishwa kuuliza bei anajiandaa kubembeleza, na mfanyakazi wenu atatumia siku nzima kujibu meseji za watu ambao hawatanunua.

Somo la zamani

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka RTC. Baada ya Azimio la Arusha, serikali iliunda shirika la taifa la biashara, STC, na mwaka 1973 likagawanywa kuwa kampuni za biashara za mikoa, ndizo RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na ya ujamaa na ushirika. Haikumaliza mwaka kabla ya kurudishwa nyuma. Nia ilielezwa kuwa njema. Iliyosahauliwa ni kazi ya mwenye kiduka, aliyekuwa akipima mafuta kwa kibaba, akikopesha mpaka mwisho wa mwezi, akijua mgonjwa wa nyumba ipi anahitaji glukosi. Ushirika ulichukua duka, ukashindwa kuichukua kazi.

Nalitaja hilo kwa sababu muuzaji mkubwa wa mtandaoni anaingia kwenye kishawishi kilekile, cha kumruka mwenye kiduka na kufika moja kwa moja kwa mteja. Katika mkoa wetu, mwenye kiduka wa Mkuzi au Mombo ndiye anayejua nyumba zilipo. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilitundika vibao vya mitaa na namba za nyumba, na ninyi wa Ngamiani, mjini Tanga, mmebahatika kuwa na barabara za namba tangu zamani. Nje ya hapo bado tunaelekezana kwa mwembe na msikiti. Mpeni mwenye kiduka kamisheni kwa kila mzigo unaochukuliwa kwake. Mteja atatembea hatua mia mbili badala ya bodaboda yenu kutembea kilomita arobaini.

Nini kifanyike

Mkirudi madukani kesho, chukueni orodha ya bidhaa na mziweke kwenye mafungu matatu. La kwanza ni zenye faida ya kubeba nauli yake: simu, sola, vipuri, mashine, mabati kwa wingi. Hizo ziuzeni mtandaoni na kuzipeleka. La pili ni zenye faida ndogo ambazo mteja anazihitaji: zionyesheni mtandaoni, zilipiwe kwa simu, zichukuliwe kaunta au kwa wakala. La tatu ni zinazotaka mkono na jicho. Hizo zitangazeni tu, mteja aje.

Kisha andikeni ukurasa mmoja wa masharti ya kurudisha, kwa Kiswahili ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanakielewa: siku ngapi, katika hali gani, nani analipa nauli. Ubandikeni kaunta na mtandaoni, maneno yaleyale. Daftari la stoo liwe moja. Hakuna kinachovunja jina haraka kama kumpokea mtu pesa kwa kitu ambacho kimeuzwa kaunta nusu saa iliyopita.

Malipo ya kabla yaombwe, lakini yaombwe na duka lililojiandaa kurudisha pesa siku hiyohiyo likikosa mzigo. Mtanzania hakatai kutanguliza pesa. Anatanguliza kila siku kule Kange. Anachokataa ni kuibembeleza irudi.

Na kama mkishafanya hesabu ya kila kazi mliyokuwa mkifanyiwa bure na mteja, mkaona bidhaa zenu haziwezi kuilipa, basi msifungue duka la mtandaoni. Wekeni namba ya simu inayopokelewa, bei zinazosomeka, na mtu mmoja wa kujibu meseji. Kubaki hapo si ushamba. Ushamba ni kuhamisha mzigo wa mji mzima mabegani mwenu kwa sababu jirani ana programu ya simu, halafu kumwita mwekezaji aje kuwasaidia kuubeba.

Maswali nitayapokea, na nitafurahi zaidi yakija na hesabu.